Revelian na Upande wa Kulia

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Revelian aliikumbuka saa hiyo kwa sababu alikuwa ametoka kuitazama kwenye simu, akajisifu kwamba leo amewahi. Hakuwahi popote.

Alikuwa juu ya baiskeli yake. Nyuma, kwenye keria, alifunga boksi la bati lililojaa mikate na skonzi za moto. Kila siku, isipokuwa Jumapili, alizichukua tanurini na kuzigawa kwenye maduka ya mtaa wao wa Mikwaju Mitatu, huko nyuma ya Mbagala. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na tisa. Na miaka yote hiyo alipita upande mmoja tu wa barabara: upande wa kulia, akiyatazama magari usoni. Alijivunia jambo hilo. Alisema gari linalokuja mbele yako unaliona, unajua linataka nini. Linalokuja nyuma yako linakuja kama mwizi.

Alipokaribia duka la Abdulhadi aliona pua ya kirikuu ikichungulia kutoka kichochoroni. Kirikuu ni kile kigari kidogo cha kubebea mizigo ya dukani. Dereva alikuwa Abdulhadi mwenyewe, anakimbilia sokoni kabla bei hazijapanda. Revelian alimwona vizuri, kofia na ndevu. Akaamini kwamba na yeye ameonekana. Mtu ukimwona, si naye anakuona? Akaendelea kupiga pedali.

Abdulhadi hakumwona. Alikuwa ametazama kulia, kule magari yanakotoka. Kulia kulikuwa kweupe. Akakanyaga mafuta, akakata kushoto.

Kirikuu haikuwa na kasi kubwa. Lakini ilitosha. Baiskeli iliangukia huku, Revelian akaangukia kule, na boksi likafunguka katikati. Mikate ikatapakaa barabarani. Watu walikuja mbio kusaidia. Walimwinua Revelian, waliinua baiskeli, wakaokota na mikate. Mikate mingine iliokotwa ikaondoka moja kwa moja na waliookota.

Mguu wa kushoto haukukanyagika. Abdulhadi alimpandisha nyuma ya kirikuu, juu ya magunia matupu, akampeleka hospitali. Walikuwa marafiki hawa wawili. Kwa miaka kumi na moja Revelian alimletea mkate, na Abdulhadi alimwita Profesa, kwa utani wa kwamba kila Mhaya amesoma, hali anajua mwenzake aliishia darasa la nne. Revelian naye alimwita Sheikh. Asubuhi hiyo hakukuwa na Profesa wala Sheikh. Waligombana njia nzima kupitia kidirisha cha nyuma. Mmoja alisema umetoka kichochoroni bila kutazama. Mwingine alisema umekuja upande usio wako. Hospitalini daktari aliwaomba wanyamaze ili asikie mgonjwa anaumwa wapi.

Mfupa ulikuwa umevunjika. Wakamfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kutoka kifundoni hadi juu ya goti. Miezi miwili na nusu, wakamwambia. Asikanyage.

*

Revelian alikuwa mjane. Mkewe, Apolonia, alifariki miaka minne kabla, na tangu hapo alikuwa amegombana na kila kitu chenye mhuri. Maji yakikatika, ni wakubwa. Umeme ukikatika, ni wakubwa. Mvua ikinyesha sana alikuwa na namna ya kuwaingiza wakubwa hata hapo. Nyumbani alibaki na binti yake mmoja, Flaviana, mwenye miaka kumi na saba, mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Sasa alikaa barazani, mguu juu ya stuli, akawalaumu wote kwa zamu. Alimlaumu Abdulhadi kwa macho yake. Alimlaumu aliyempa leseni. Aliwalaumu waliojenga barabara ile ya lami na kuondoka, bila alama wala tuta. Jokha, mke wa Abdulhadi, alileta uji na chapati kila jioni. Revelian alikula chapati zote, kisha akamwagiza Jokha amwambie mumewe kwamba hataki kumwona.

Lakini mkate hausubiri mguu upone. Mwenye tanuri alimtumia ujumbe. Alimpa pole. Akasema atamtunzia njia yake, ila maduka yakikaa siku mbili bila mkate yatachukua kwingine, na hapo hatakuwa na la kufanya.

Flaviana ndiye aliyesema atakwenda. Alijua kuendesha baiskeli tangu darasa la tatu. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Angetoka saa kumi na moja na nusu, agawe mikate, arudi, avae sare, aende shule.

Revelian hakupenda. Hakuwa na njia nyingine. Siku ya kwanza alimshika mkono pale mlangoni kwao, akamwagiza kwa sauti ya mtu anayetoa mali yake ya mwisho:

"Kaa kulia, mama. Kulia kabisa. Yatazame magari usoni. Usimwache hata mmoja akupite kwa nyuma."

"Sawa, baba. Ulishanifundisha."

Akaenda. Revelian alikaa barazani akihesabu milio ya honi mpaka aliposikia baiskeli inarudi. Ikawa hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila siku alikuwa mgonjwa kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa moja kasoro, na ugonjwa wenyewe haukuwa wa mguu.

*

Siku ya tisa Flaviana alirudi, nyuma yake likaja gari dogo jeupe lenye herufi L kubwa nyekundu juu ya paa. Likasimama mbele ya nyumba. Alishuka Felicitas, jirani wa nyumba ya nne, mwalimu katika shule ya udereva. Mtaani walimwita Mwalimu, na wengi walimwogopa kidogo. Alikuwa na tabia ya kukaa kwenye kiti cha abiria na kukanyaga breki isiyokuwepo.

Flaviana aliegesha baiskeli, akaingia ndani.

Felicitas hakukaa. Alimwambia Revelian kwamba dakika kumi zilizopita, pale pale kwenye kichochoro cha Abdulhadi, bajaji ilitoka kwa kasi ikakata kushoto. Flaviana alikuwa anakuja upande wake wa kulia. Aliponea chupuchupu. Aliruka chini, baiskeli ikabaki imelala mbele ya bajaji. Dereva wa bajaji alishuka akatukana, kisha alipoona ni mtoto tu akakaa chini barabarani akashindwa kuondoka.

Revelian aliuma meno. Akaanza na madereva wa bajaji, akapanda hadi kwa wanaowapa vibali, akaelekea juu zaidi. Felicitas alimwacha aishiwe pumzi.

"Baba Flaviana," akasema, "nani kamfundisha huyu mtoto kupita kulia?"

"Mie."

"Na wewe nani kakufundisha?"

"Shule. Niliishia darasa la nne, lakini hilo nililisikia vizuri. Mwalimu alisema: tembea kulia, uyaone magari yanayokuja."

"Ulilisikia vizuri. Alisema utembee. Kwa miguu."

Felicitas akaendelea, sasa kwa upole, ingawa uchovu ulisikika kwenye sauti, uchovu wa mtu anayesema jambo moja kila siku ya kazi. Mtembea kwa miguu anakaa kulia kwa sababu akiona gari linamjia anaweza kuruka pembeni. Hatua moja tu, kaingia kwenye majani. Baiskeli hairuki pembeni. Inakwenda mbele au inaanguka. Kisheria baiskeli ni chombo, kama gari lilivyo chombo. Inakaa kushoto, inakwenda wanakokwenda wenzake. Halafu kuna mwendo. Gari likija nyuma yako, dereva anakuona muda mrefu, ana nafasi ya kupunguza. Likija mbele yako, kasi yake na kasi yako zinajumlishwa, na wote wawili mnabaki na muda wa kupepesa jicho.

"Lakini ninaliona," alisema Revelian. "Mimi ninaliona gari."

"Unaliona. Halikuoni."

"Haliwezi kutoniona. Nina boksi kubwa kama kabati."

Felicitas alikuwa ameshafundisha wakaidi wengi, lakini huyu alikuwa na mguu uliovunjika na bado anabisha. Akamwambia kwamba Jumamosi saa mbili atamfuata na gari. Ajiandae. Na hadi siku hiyo Flaviana asikanyage pedali pale. Asukume baiskeli kwa mguu kuanzia kona ya msikiti. Revelian aliuliza Jumamosi wanakwenda wapi. Felicitas akasema hapo hapo mtaani, kwa Sheikh wake.

Revelian alisema hatakwenda.

"Utakwenda," alisema Felicitas. "Nitakubeba."

*

Hakubebwa, ila alikwenda kwa kununa. Jumamosi hiyo jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya usiku, na pembezoni mwa lami kulikuwa na madimbwi. Abdulhadi alikuwa mbele ya duka, kirikuu yake imezimwa na kuelekezwa barabarani, pua ikiwa kwenye mdomo wa kichochoro. Naye alikuwa amenuna. Wanaume wawili walisalimiana kama watu wanaosalimiana msibani.

"Umekonda, Profesa."

"Chapati za mkeo ndizo zinanishikilia. Wewe ungeshaniua."

Felicitas alimwagiza Revelian aketi kwenye kiti cha dereva. Ilichukua muda. Kirikuu ina nafasi finyu, na hogo halikunjiki. Mwishowe alikaa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje ya mlango, mikono kwenye usukani, na vijana wa kijiweni wakamuuliza kama anakwenda Kariakoo awapitishe. Felicitas alisimama dirishani. Akamweleza mchezo. Gari limezimwa, haliendi popote. Yeye ajifanye ni Abdulhadi, saa kumi na mbili asubuhi, anawahi sokoni, anataka kukata kushoto. Atazame barabara. Akiona ni salama kutoka, aseme "twende."

Revelian alicheka kwa dharau. Hilo nalo linahitaji shule? Akatazama kulia. Lori likaja, likapita. Bodaboda mbili zikapita. Bajaji ikapita. Alikodoa macho huko kulia kama aliyewekewa malipo. Likapita basi dogo. Baada yake barabara ikawa nyeupe hadi kwenye kona ya msikiti.

"Twende," akasema.

Felicitas alibaki ameegemea dirisha.

"Nimesema twende. Barabara nyeupe."

"Geuza shingo. Kushoto."

Akageuza. Hatua tatu kutoka kwenye bampa, upande wa kushoto, Flaviana alikuwa amesimama na baiskeli, mguu mmoja chini, boksi la bati nyuma yake, kubwa kama kabati. Alikuwa amekuja upande wa kulia wa barabara, kama alivyofundishwa. Alimtazama baba yake usoni, kama alivyofundishwa. Alikuwa amesimama hapo tangu bajaji ilipopita.

Revelian alishika usukani. Alijaribu kusema kitu kuhusu kreti za soda ambazo Abdulhadi alipanga kwenye kona, zikaziba nusu ya njia. Zilikuwa zimeziba kweli, lakini Flaviana alishazipita. Alikuwa peupe. Revelian angegeuza shingo angemwona. Hakugeuza, kwa sababu anayekata kushoto anatafuta gari, na gari hutoka kulia.

"Sijamwona," akasema mwisho. Alisema polepole. "Mwanangu mwenyewe. Sijamwona."

Abdulhadi alikuja akaegemea mlango. Hakufurahia kushinda. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba siku ile naye ilikuwa hivyo hivyo. Alitazama. Wallahi alitazama. Kulia hakukuwa na kitu.

"Na kushoto?" aliuliza Felicitas.

"Kushoto sikutazamaga," alisema Abdulhadi. "Miaka yote."

"Basi wewe usicheke. Zamu yako inakuja."

*

Zamu ya Abdulhadi ilikuwa kupanda baiskeli. Mara ya mwisho alipanda kabla hajaoa. Alikunja shuka lake kiunoni, Jokha akiwa amesimama mlangoni mwa duka akimwomba Mungu na kucheka kwa pamoja. Felicitas alimwambia apite upande wa kushoto, taratibu, hadi kwenye nguzo ya umeme na kurudi. Akaingia kwenye gari lake la L.

Alimpita mara ya kwanza kama madereva wengi wa Dar es Salaam wanavyopita. Alikuja nyuma karibu, akapiga honi ndefu, akampitia kando kiasi cha kuweza kumpapasa bega. Hakuwa na mwendo mkali. Abdulhadi alisikia ile honi kama imepigwa ndani ya fuvu. Usukani ukayumba, baiskeli ikaenda kulia, ikaenda kushoto, akaishia amesimama kwenye dimbwi, kandambili moja haionekani.

Alipopata pumzi aliuliza kwa nini amempigia honi.

"Nilikuwa nakujulisha nipo," alisema Felicitas. "Si ndivyo unavyowapigia wengine?"

Abdulhadi hakukataa. Alikuwa anapiga honi hivyo kwa kila baiskeli, na moyoni alihesabu kuwa ni ustaarabu.

Mara ya pili Felicitas alikaa nyuma, akapunguza, akangoja gari lililokuwa linatoka mbele lipite. Kisha akampita kwa mbali, akiacha nafasi ya mtu kulala chini akajinyoosha. Hakupiga honi. Abdulhadi alihisi upepo kidogo tu. Aliporudi dukani, miguu ikiwa imelowa, alisema jambo ambalo Jokha amelirudia mtaani mara nyingi kuliko mumewe alivyopenda. Alisema akiwa ndani ya gari baiskeli anaionaga kama nzi. Akiwa juu ya baiskeli, gari ni nyumba inayokimbia.

Asubuhi hiyo Felicitas aliwafundisha wote watatu, na vijana wa kijiweni wakasogea kusikiliza wakijifanya hawasikilizi. Alimwambia Flaviana akae kushoto lakini asijibane ukingoni kabisa, kwa sababu ukingoni kuna mashimo, na anayekwepa shimo ghafla ndiye anayegongwa. Aende kwa mstari, dereva ajue atakuwa wapi baada ya muda mfupi. Kabla hajakata kona ageuze shingo, kisha anyooshe mkono wa upande anaokwenda, aunyooshe kweli, si kukuna hewa. Akifika kwenye mdomo wa kichochoro asiamini kwamba kaonekana mpaka macho yake na ya dereva yamekutana. Asipopata macho, asimame. Kwa alfajiri, awe na taa mbele na kitu chekundu cha kung'aa nyuma.

Abdulhadi aliambiwa atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, hata kama hategemei mtu wa kutoka kushoto. Watembea kwa miguu wanatoka kushoto. Watoto wanatoka kushoto. Na wakaidi wapo. Asifungue mlango wa gari bila kutazama nyuma, maana mlango umeshawatupa wengi. Na zile kreti ziondoke.

"Ziende wapi?" aliuliza Abdulhadi.

"Popote ambapo hakuna mtu anayehitaji kuona."

Kreti ziliondoka siku hiyo hiyo. Vijana walizibeba. Jokha aliwapa soda moja moja, akawasimamia mpaka chupa zikarudi.

Felicitas alipomrudisha nyumbani, Revelian alimuuliza kitu kimoja: kwa nini hili hakuna mtu aliyemwambia kwa miaka kumi na tisa? Trafiki wamempita kila siku. Wamemwona na boksi lake, upande usio wake. Wanasimamisha magari, wanakagua stika, wanaangalia vizimamoto. Yeye hawakuwahi kumsimamisha.

"Baiskeli haina stika," alisema Felicitas. Akaongeza kwamba na yeye pia alimwona. Miaka sita amekuwa jirani. Alidhani ni ukaidi tu, akaona asijichoshe. Kwa hilo aliomba radhi.

*

Jumatatu Flaviana alipita kushoto. Revelian hakuhesabu honi siku hiyo. Alijikokota kwa magongo hadi barabarani, akakaa juu ya jiwe, akatazama kwa macho yake. Moyo ulimpanda kila gari lilipomjia mtoto kwa nyuma. Aliona lori linapunguza, linangoja, linampita kwa mbali. Aliona bodaboda inapita karibu mno, akamrushia dereva maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa. Kisha aliona Flaviana anafika kwenye kichochoro. Kirikuu ilikuwa inatoka. Flaviana alikuwa ng'ambo, upande wake, na Abdulhadi aligeuza shingo huku na huku kama jogoo. Wakatazamana. Flaviana akanyoosha mkono wa kulia, maana alitaka kukata kwenda dukani. Abdulhadi akasimama, akampungia apite. Flaviana akainua mkono kushukuru.

Ilikuwa jambo dogo. Halikuchukua hata nusu dakika. Revelian alikaa juu ya jiwe muda mrefu baada yake.

Hogo lilikatwa mwanzoni mwa Juni. Kurudi barabarani kulimpa shida kuliko alivyotegemea. Shida haikuwa mguu, ilikuwa shingo. Wiki nzima ya kwanza alihisi magari mgongoni kama mtu anayepuliziwa kisogoni, na mara mbili alijikuta amehamia kulia bila kujua. Mara ya pili alimsikia mtoto wa duka la mbele akiita, "Babu, umekosea njia." Alishuka, akavuka, akarudi kushoto. Alinung'unika hadi tanurini. Lakini alirudi kushoto, na mwisho wa mwezi shingo ilikuwa imezoea.

Mtaa nao ulibadilika kidogo. Abdulhadi aliwaagiza madereva wote wanaomletea bidhaa wasiegeshe kwenye mdomo wa kichochoro, na asiyesikia hakushushiwa mzigo. Madereva wa bajaji wa kijiweni walipunguza kupiga honi. Wauza maziwa watatu waliokuwa wanapita kulia kama Revelian walihamia kushoto, mmoja baada ya kubishana naye wiki mbili. Revelian alimshinda kwa kumkalisha kwenye kirikuu. Tangu Machi hadi mwisho wa mwaka hakuna mwenye baiskeli aliyegongwa pale kwa Abdulhadi.

Hata hivyo kulibaki kipande kimoja. Ukipita duka, upande wa kushoto, kuna hatua kama mia mbili ambapo lami inaishia kwenye mtaro. Mtaro una kina cha kifua cha mtu mzima, hauna kifuniko, hauna hata ukingo. Hapo hakuna pembeni. Mwenye baiskeli anakaa juu ya lami katikati ya magari, au anaingia mtaroni. Felicitas mwenyewe alipopimapima kwa miguu alitikisa kichwa. Alisema hapa dereva mstaarabu na mwenye baiskeli mstaarabu wanaweza kukutana, wote wakafanya kila kitu sawasawa, na bado mmoja akazikwa.

Waliandika barua kuomba kipande hicho kitengenezwe. Felicitas aliandika, Revelian na Abdulhadi walitia saini, na wakazi arobaini na mmoja. Waliipeleka kwenye ofisi ya barabara. Iligongwa mhuri kwamba imepokelewa. Revelian alisema mhuri walau wanao.

Mwezi wa nane alikuja mtu wa ofisi hiyo na utepe wa kupimia na mchoro mkubwa uliokunjwa. Mtaa wote ulitoka kutazama. Alipima barabara, akaandika. Alionyesha kwenye mchoro wapi magari yatapita, wapi watu wa miguu watavuka, wapi maji yatapita. Alieleza vizuri, na watu waliitikia. Flaviana alikuwa amerudi kutoka shule. Alisogea, akamwamkia shikamoo, akaomba kuuliza.

"Samahani, baba. Kwenye mchoro huu, baiskeli inapita wapi?"

Yule mtu aliutazama mchoro. Akaugeuza, akatazama nyuma yake, ambako hakukuwa na kitu. Alisema ni swali zuri, atalifikisha kwa wakubwa. Akaukunja, akaondoka.

Barua ya pili imekwenda, na ya tatu. Flaviana sasa yuko kidato cha nne, na siku za likizo bado anamsaidia baba yake kugawa mikate. Akifika kwenye kipande kile anageuza shingo, ananyoosha mkono, anatafuta macho ya dereva aliye nyuma yake. Wengi siku hizi wanampungia, wanamngoja. Revelian huwa amesimama mwanzo wa mtaro, hajui amwambie asogee huku au asogee kule, na kila asubuhi anauliza kwa sauti, yeyote asikie: baiskeli ipite wapi?